Picocom, minicom, screen au tio: ipi ya kufungulia poti ya seriali?

Swichi mpya ambayo bado haijapewa anwani ya mtandao, ruta iliyoharibika ikiwa katikati ya kubadilishiwa mfumo, Raspberry Pi isiyo na skrini na bodi ya ESP32 inayoripoti vipimo vyake kila sekunde zote zina njia moja ya kuzungumza na fundi, nayo ni poti ya seriali: waya wa kutuma, waya wa kupokea na waya wa ardhi. Kwa upande wa kompyuta mpakato, njia hiyo huonekana kama faili. Katika Linux faili hiyo kwa kawaida ni `/dev/ttyUSB0` au `/dev/ttyACM0`, katika Mac jina lake huanza na `/dev/cu.`, na katika Windows huitwa COM3 au nambari nyingine ya aina hiyo. Kinachobaki ni kupata programu ndogo ya kupeleka herufi za kibodi kwenye faili hiyo na kuonyesha zile zinazorudi.

Kwa kuwa kazi yenyewe ni ndogo, ni rahisi kudhani kwamba programu zote zinazoifanya ni zilezile, na kwamba kuchagua ni suala la mazoea tu. Yako maswali matatu yanayozitenganisha. La kwanza ni kile ambacho programu inaifanyia laini kabla mtumiaji hajabonyeza herufi yoyote, pamoja na kile inachoifanyia anapotoka. La pili ni nani anayechora skrini: je, programu inazipitisha herufi kama zilivyo hadi kwenye dirisha la terminali ambalo tayari liko wazi, au inajifanya yenyewe kuwa terminali nyingine ndani ya ile ya kwanza? La tatu ni kinachotokea kifaa kinapozimika na kuwaka tena, jambo ambalo katika kazi hizi hufanywa kwa makusudi mara nyingi kwa siku.

Niweke msimamo wangu wazi mapema. Mtu anayefungua poti kwa mkono, akasoma yanayotoka, akaandika amri chache na kufunga, aanze na picocom, na akiiacha na kuchukua nyingine awe na sababu anayoweza kuitaja.

Minicom na picocom

Minicom ni kongwe. Miquel van Smoorenburg alianza kuiandika mwaka 1991 kwa kuiga Telix, programu iliyojulikana sana kwenye MS-DOS, katika zama ambazo kifaa kilichokuwa upande wa pili wa waya kilikuwa karibu kila mara modemu ya simu. Asili hiyo haijafutika. Ikifunguliwa bila maelekezo ya ziada, minicom hutuma kwanza mfuatano wa amri za modemu unaoanza na herufi AT, na ukiifunga kwa Ctrl-A kisha X hutuma nyingine za kuirudisha modemu kwenye hali yake ya awali. Modemu ingezielewa. Ruta iliyo kwenye U-Boot, programu ndogo inayotangulia mfumo wakati wa kuwaka, inayohesabu sekunde ikisubiri kitufe chochote ili isitishe kuwasha mfumo, inaweza kuzipokea kama kitufe kilichobonyezwa, na fundi akabaki akishangaa kwa nini ruta haiwaki. Dawa ipo: chaguo `-o` huzuia amri za mwanzo, na kutoka kwa Ctrl-A kisha Q huzuia zile za mwisho. Lakini ni dawa ambayo lazima uijue kabla ya kuihitaji.

Jambo la pili katika minicom huwasumbua wanafunzi kuliko lolote jingine. Mipangilio yake ya msingi huwasha udhibiti wa mtiririko wa kihadwea, yaani programu haitumi kitu mpaka kifaa kiinue waya wa CTS kuonyesha kwamba kiko tayari kupokea. Adapta ya kuunganisha USB ya kompyuta na poti ya seriali, ikiunganishwa kwa nyaya tatu tu, haina cha kuinua. Matokeo yake ni kwamba ujumbe wa kifaa unaonekana vizuri kwenye skrini, ilhali kila unachoandika hakifiki, na mtu huanza kubadilisha nyaya, adapta, hata bodi yenyewe. Ukifungua `minicom -s`, ukaingia kwenye mipangilio ya poti ya seriali na kubonyeza F ili udhibiti huo uzimike, kisha ukahifadhi kama mipangilio ya kudumu, tatizo linaisha.

Picocom ya Nick Patavalis nayo ilikusudiwa kupanga na kupima modemu, ila inamwachia mtumiaji kuandika amri zote mwenyewe. Haina menyu wala faili ya mipangilio. Kila inachopaswa kujua unakiandika kwenye mstari wa amri:

`picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`

Ikishafunguka huchapa orodha fupi ya hali iliyomo: jina la poti, udhibiti wa mtiririko ambao kwa msingi ni `none`, kasi (biti kwa sekunde), pariti (biti ya kukagua makosa), idadi ya biti za data, kitufe cha kutorokea (kinachotangulia amri za picocom yenyewe) ambacho ni `C-a`, yaani Ctrl-A, na mengine machache, kisha huandika `Terminal ready` na kunyamaza. Orodha hiyo ndiyo inayonifanya niipendekeze kwa anayejifunza. Mambo yote yanayoweza kuharibu mawasiliano yameandikwa mbele yako kabla hujaanza, na ukitaka kuyaona tena unabonyeza Ctrl-A kisha Ctrl-V. Kasi ikiwa si sahihi, Ctrl-A kisha Ctrl-U huipandisha ngazi moja na Ctrl-A kisha Ctrl-D huishusha, kwa hiyo unaweza kuitafuta kasi ya kifaa usichokijua huku ukitazama takataka za skrini zikigeuka kuwa maneno. Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X.

Tofauti ya maana zaidi kati ya hizi mbili, na ambayo haisemwi vya kutosha, iko katika lile swali la nani anayechora skrini. Minicom huiga yenyewe VT102, aina ya zamani ya terminali, na kuitwaa skrini nzima. Hivyo gurudumu la kipanya na utafutaji wa dirisha lako havikusaidii kurudi kwenye mistari iliyopita. Kuna njia yake ya kurudi nyuma, Ctrl-A kisha B, lakini ni njia nyingine ya kujifunza. Vilevile mistari mirefu kuliko upana wa dirisha hukatwa ukingoni mpaka uwashe ukunjaji kwa Ctrl-A kisha W, na anayesoma vigezo vya U-Boot, ambavyo mara nyingi ni virefu mno, huona nusu ya habari bila kujua kwamba kuna nusu nyingine. Picocom haiigi chochote. Herufi zinapita kama zilivyo, na dirisha lako la kawaida ndilo linalozitafsiri, likiwa na rangi zake, historia yake, kunakili kwake na kutafuta kwake.

Hilo halina maana kwamba minicom haina nafasi. Anayehudumia kifaa kilekile kila siku huweka mipangilio yake mara moja, akaipa jina, na tangu hapo akaandika `minicom` na jina hilo tu. Ina lugha yake ndogo ya skripti kwa ajili ya kuingia na kutuma amri zinazojirudia, na menyu yake ya kutuma faili inamfaa mtu asiyetaka kukariri vigezo. Menyu zake pia zimetafsiriwa katika lugha kadhaa. Mwalimu mwenye darasa la watu ambao hawajazoea mstari wa amri anaweza kuipendelea kwa haki kabisa, mradi aizime CTS kwenye kompyuta zote kabla ya somo.

Screen, kwa sababu ipo tu

Maelekezo mengi ya kuunganisha bodi hutaja `screen /dev/ttyUSB0 115200`, na sababu ni moja: programu hiyo mara nyingi huwa imeshawekwa. Katika Mac inakuja na mfumo wenyewe, na seva nyingi za Linux zinayo, ingawa Red Hat waliiondoa kwenye toleo lao la 8. Iliandikwa mwaka 1987 kwa ajili ya kuhifadhi vikao vya terminali, na kufungua poti ya seriali ni kazi yake ya pembeni. Inaonekana hivyo pia inapotumika. Ukikosa ruhusa, au poti ikiwa imeshikwa na programu nyingine, mara nyingi huona `[screen is terminating]` ikipita na kutoweka bila kuelezwa kilichotokea. Ukibonyeza Ctrl-A kisha D ukidhani umetoka, umejitenga tu. Kikao kinaendelea kuishi nyuma ya pazia kikiwa bado kimeshika poti, na programu nyingine yoyote utakayoifungua itagombana nayo. Kutoka kweli ni Ctrl-A kisha K, na kukubali.

Udhaifu huo huo una upande wake wa faida. Aliyeingia kwa SSH kwenye kompyuta ndogo iliyoachwa kwenye mnara au kwenye chumba cha seva, iliyochomekewa waya wa konsoli wa swichi, anataka kikao kinachobaki hai mtandao wake unapokatika. Hapo screen inafanya kazi mbili kwa pamoja. Mimi ningependelea picocom ndani ya tmux, programu nyingine ya kuhifadhi vikao, kwa kuwa kitufe cha tmux ni Ctrl-B na hakigongani na Ctrl-A ya picocom. Anayelazimika kuiendesha picocom ndani ya screen abadilishe kitufe cha kutorokea kwa `-e`, mathalani `-e b`, la sivyo kila Ctrl-A atakayobonyeza itamezwa na screen kabla haijafika.

Kifaa kinapopotea: tio

Chomoa adapta ya USB huku picocom ikiwa wazi, nayo itaandika `FATAL: read zero bytes from port` na kukurudisha kwenye mstari wa amri. Kwa swichi ya Cisco hilo halisumbui, kwa sababu adapta inabaki kwenye kompyuta hata swichi inapozimwa. Lakini bodi zenye USB yao wenyewe, kama zile zinazoonekana kama `ttyACM0`, hutoweka kwenye mfumo kila zinapowashwa upya, na programu ikijifunga kila mara unapoteza mistari ya mwanzo kabisa ya kuwaka, ambayo kwa kawaida ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Hapa ndipo tio ya Martin Lund inapoishinda picocom waziwazi. Kifaa kikitoweka, inaandika kwamba muunganisho umekatika na kusubiri. Kikirudi, inaunganisha tena yenyewe. Unaweza kuifungua hata kabla kifaa hakijachomekwa. Kasi yake ya msingi ni 115200, wakati ya picocom ni 9600, kwa hiyo kwa bodi nyingi za siku hizi unatosheka kuandika `tio /dev/ttyACM0`, na kwa konsoli ya Cisco, ambayo kwa kawaida hutumia 9600, picocom ndiyo isiyohitaji kuambiwa kasi. Tio hutumia Ctrl-T badala ya Ctrl-A: Ctrl-T kisha Q ni kutoka, Ctrl-T kisha alama ya kuuliza ni orodha ya amri zote, na Ctrl-T kisha T huweka muda mbele ya kila mstari. Huo muda una thamani kubwa unapotaka kujua kifaa kinakwama sekunde ngapi kati ya hatua moja na nyingine. Ina pia faili ya mipangilio ambamo unaweza kuvipa vifaa majina, na hapo inaikaribia minicom bila kuchukua menyu zake.

Kwa nini basi nisiseme tio ndiyo ya kuanzia? Kwa sababu imekua haraka, na chaguo zake zimebadilika kati ya toleo na toleo, kiasi kwamba amri iliyoandikwa kwa toleo la 2 inaweza kukataliwa na toleo la 3. Picocom imetulia miaka mingi. Toleo lake la 3.1 ni la mwaka 2018, na maelekezo ya wakati huo yanafanya kazi leo bila kubadilishwa herufi. Anayemwandikia mwenzake maelekezo atakayoyafuata akiwa peke yake porini ataona uzito wa jambo hilo. Kwa anayetengeneza programu za ESP32 au RP2040 siku nzima mezani kwake, tio ni bora, na sina shaka nalo.

Nikiwa kwenye ESP32, kuna jambo moja linalohusu programu zote. Katika Linux, kufungua poti tu kunaifanya kerneli, yaani kiini cha mfumo, iinue DTR na RTS, nyaya mbili za udhibiti za poti ya seriali. Arduino Uno hujiwasha upya kila poti inapofunguliwa kwa sababu DTR imeunganishwa na kitufe chake cha kuwasha upya kupitia kapasita, na hakuna programu ya terminali inayoweza kulizuia hilo kikamilifu. Bodi nyingi za ESP32 zina transista mbili zinazotumia DTR na RTS kwa pamoja: zote mbili zikiwa juu au zote zikiwa chini, chipu inaendelea na kazi, RTS ikiwa imeinuliwa peke yake, chipu inashikiliwa katika hali ya kuwashwa upya na skrini inabaki tupu. Kwa hiyo anayetumia `--lower-dtr` ya picocom atumie na `--lower-rts` pia, au aache zote mbili. Kwenye tio, Ctrl-T kisha herufi kubwa L huonyesha hali ya nyaya hizo, na ni njia ya haraka ya kuthibitisha.

Kubandika mistari mingi na kutuma faili

Ulinganisho mwingi huishia kwenye kufungua na kufunga. Kazi halisi ya fundi wa mtandao ni kubandika usanidi wa mistari mia kadhaa kwenye swichi tupu, na hapo ndipo programu hupimwa. Kwa kasi ya 9600, kila baiti ikibebwa na biti ya kuanza na biti ya kumaliza, laini inapitisha baiti 960 kwa sekunde na si zaidi. Kompyuta inatuma kwa kasi hiyo bila kupumua, lakini swichi inahitaji muda wa kutafakari kila mstari, na bila udhibiti wa mtiririko bafa yake hujaa na herufi hupotea. Hupati onyo lolote. Unagundua baadaye kwamba VLAN moja (mtandao mdogo uliogawanywa ndani ya swichi) haina jina, au kwamba poti moja haikuzimwa.

Minicom inalijua tatizo hili: Ctrl-A kisha T hufungua mipangilio ambamo unaweka muda wa kusubiri baada ya kila herufi na baada ya kila mstari. Tio ina `-o` kwa herufi na `-O` kwa mstari, kwa milisekunde. Picocom haina kitu cha namna hiyo ndani yake, lakini hukuruhusu kuteua programu ya nje ya kutuma faili:

`picocom -b 9600 --send-cmd "ascii-xfr -s -v -l 100" /dev/ttyUSB0`

Ukibonyeza Ctrl-A kisha Ctrl-S, picocom inauliza jina la faili na kuikabidhi kwa `ascii-xfr`, ambayo inasubiri milisekunde 100 baada ya kila mstari. Kinachochekesha kidogo ni kwamba `ascii-xfr` inakuja ndani ya kifurushi cha minicom, kwa hiyo mtumiaji wa picocom hujikuta ameisakinisha minicom hata hivyo.

Kutuma faili za mfumo ni hadithi nyingine. Ruta iliyokufa inayosubiri faili baada ya amri ya `loady` kwenye U-Boot inahitaji YMODEM, itifaki ya kutuma faili kupitia seriali. Picocom huiazima kutoka kwenye kifurushi cha lrzsz kwa `--send-cmd "sb -vv"`. Minicom inaiita programu hiyohiyo kupitia menyu yake. Matoleo ya karibuni ya tio yana XMODEM na YMODEM ndani yake. Lakini piga hesabu kwanza. Kwa 115200, baiti 11520 zinapita kwa sekunde, na faili ya megabaiti 8 inachukua dakika 12 au zaidi. Kwa 9600 ingechukua zaidi ya saa mbili. Kama kifaa kina poti ya Ethaneti inayofanya kazi na U-Boot yake inaijua TFTP, itifaki rahisi ya kuhamisha faili kwenye mtandao, tumia seriali kutoa amri tu na upitishe faili kwenye mtandao.

Kwa kurejesha nywila kwenye ruta za Cisco kuna ishara moja maalumu, ya kukatiza, inayotakiwa kutumwa ndani ya sekunde 60 baada ya kuwasha umeme. Programu zote zilizotajwa zinaiweza, kila moja kwa kitufe chake: picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-\, minicom ni Ctrl-A kisha F, tio ni Ctrl-T kisha B. Hakikisha umejaribu kitufe hicho kabla ya kuzima ruta ya mteja.

Zilizobaki

`cu` imo ndani ya Mac na ndani ya OpenBSD tangu awali, na kwa Linux hupatikana kama kifurushi. `cu -l /dev/cu.usbserial-0001 -s 115200` inatosha, jina likibadilika kulingana na adapta. Unatoka kwa kuandika `~.` mwanzoni mwa mstari. Tatizo ni kwamba SSH nayo hutumia `~.`, kwa hiyo anayeendesha `cu` kwenye mashine ya mbali akiandika hivyo anakata SSH na kuiacha `cu`, aandike `~~.` badala yake. Kwa Mac ambayo haina intaneti ya kusakinisha kitu, ningeichagua `cu` kabla ya screen.

`microcom` ya BusyBox, mkusanyiko wa zana ndogo za Linux, ni ndogo kuliko zote, na hukutana nayo ndani ya ruta au kifaa kingine chenye Linux finyu. `microcom -s 115200 /dev/ttyS0` hufungua, Ctrl-X hufunga, na zaidi ya hapo hakuna mengi. Kwenye OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta, ambako si kila toleo huiwasha, picocom hupatikana kama kifurushi kidogo na inafaa kuchukua nafasi hiyo.

Kwa Windows swali ni jingine, kwa sababu HyperTerminal iliyokuwa ikija na mfumo iliondolewa tangu Vista na hakuna kilichowekwa mahali pake. PuTTY ya Simon Tatham ndiyo inayojulikana zaidi, na kwa kusoma konsoli inatosha. Kumbuka tu kwamba kwa seriali mipangilio yake ya msingi ni kasi ya 9600 na udhibiti wa mtiririko wa XON/XOFF, yaani herufi maalumu za kuruhusu na kusimamisha utumaji. Herufi moja ya kelele yenye thamani ya XOFF ikitoka kwenye kifaa, PuTTY inaacha kutuma, na ishara utakazoziona ni zilezile za minicom yenye CTS. Weka `None`. PuTTY haitumi faili kwa XMODEM wala YMODEM. Anayehitaji hayo, pamoja na muda wa kusubiri kwa kila mstari na lugha ya makro, achukue Tera Term, ambayo kwa fundi wa mitandao anayebaki Windows naiona bora kwa mbali. Kupeleka adapta ya USB ndani ya WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) ili utumie picocom kunawezekana kwa msaada wa usbipd-win, lakini ni mzunguko mrefu kwa kazi ya dakika tano.

Yasiyotibiwa na programu yoyote

Kabla ya kuihama programu moja kwa nyingine, ondoa shaka kwenye mambo ambayo zote zinayashindwa. Katika Debian na Ubuntu mtumiaji lazima awe kwenye kundi la `dialout`, na katika Arch kundi la `uucp`. Baada ya kuongezwa kwa `sudo usermod -aG dialout $USER` atoke kwenye kikao chake na kuingia tena, kwani bila hivyo hakuna kinachobadilika. Kwenye Ubuntu 22.04, programu ya `brltty`, ambayo kazi yake ni kuhudumia vifaa vya maandishi ya nukta nundu, ilizikamata adapta zenye chipu ya CH340 ikidhani ni zake, na `/dev/ttyUSB0` ikatoweka mara baada ya kuonekana. Kwa kuwa CH340 ndiyo chipu iliyomo katika adapta nyingi za bei nafuu, zikiwemo zile zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, wengi waliilaumu adapta. Amri ya `dmesg` inaonyesha yote hayo kwa mistari miwili mitatu, na `fuser -v /dev/ttyUSB0` inataja programu iliyoishika poti.

Suala la volti ni la hatari zaidi, kwa sababu linaua kifaa. Pini za ndani za ruta nyingi za nyumbani na za Raspberry Pi ni za volti 3.3. Adapta iliyowekwa kwenye volti 5 inaweza kuziharibu, na waya wa RS-232 halisi, wenye volti chanya na hasi kubwa zaidi, haufai kuguswa nazo kabisa. Kwenye Pi, unganisha pini ya 6 na ardhi, ya 8 na waya wa kupokea wa adapta, na ya 10 na waya wa kutuma, na waya wa umeme wa adapta uache wazi.

Kwenye kompyuta mpakato ninayotoka nayo ofisini mimi huweka picocom, tio, minicom na lrzsz kwa pamoja, `sudo apt install picocom tio minicom lrzsz`, ingawa minicom siifungui karibu kamwe: ipo kwa ajili ya `ascii-xfr`. Vifurushi hivyo vyote ni vidogo, na pale penye ruta iliyokufa kwa kawaida hapana intaneti ya kuvipakua.